Nilionja Maua ya Mkamwana Wangu, na Sijutii

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla ya msaada nina neno na wewe. Huna haya! Juzi juzi mama mmoja alikulilia hapa ukurasani kwako kwamba mke wa mwanawe amebadilisha mapazia na viti mpaka mahali pa kuweka sufuria, nawe ukamjibu nini? Ukamjibu, "Mama, nyumba hiyo si yako, kaa unywe chai yako." Kaa unywe chai yako! Mtu amezaa, ameuguza, amesomesha, leo anaambiwa anywe chai kama mgeni aliyekosea mlango. Nani alikufundisha kusema na wakubwa hivyo? Na usidhani maneno yako yanaishia gazetini, kwa sababu mkamwana wangu aliusoma ukurasa huo kwa sauti mezani kwetu, akaukunja vizuri, akauweka karibu na kikombe changu, akaenda zake kazini. Chai yangu siku hiyo ilipoa sikuigusa.

Sasa nisikilize. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumwita mjukuu wa mtu aniandikie, na usipoweza kusoma mwandiko wangu vaa miwani. Kazi yangu ilikuwa upishi katika shule ya bweni, na si upishi wa sufuria ya kuchezea, ni ule wa masufuria unayoyakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, na mkaguzi wa jikoni kwangu alikuwa ulimi wangu mwenyewe. Mafuta yakiletwa, naonja. Unga ukiletwa, naonja. Maharage yakikaa ghalani nayaonja mabichi, nikisema yamwagwe yanamwagwa, na mwalimu mkuu mwenye vyeti vyake ukutani alikuwa anangoja nimeze ndipo atie sahihi. Watoto wa watu walikula, wakakua, wengine leo ni mahakimu. Basi mtu asije kuniambia kwamba sijui kitu gani kinalika na kitu gani hakiliki.

Goti langu liliponichosha nikapasuliwa, mwanangu akanileta kwake. Mwanangu ni fundi wa lifti, anapandisha na kushusha matajiri wa mji mzima, lakini jengo analokaa yeye halina lifti, mama yake anapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu akihema kama mvukuto, nikimuuliza ananiambia, "Mama, ni mazoezi." Nilikuja na sanduku langu, mto wangu, na paka wangu. Paka anaitwa Meneja kwa sababu tangu mdogo anakaa mahali pa juu anatazama wenzake wakifanya kazi. Kwangu hakuja na masharti, nami sikuja kwa mwanangu na masharti, nilisema tu, nilipo mimi na Meneja yupo.

Nyumba ile mshauri ni ya maua. Sisemi chungu kimoja viwili. Mkamwana wangu anauza miwani katika duka kubwa la vioo, kutwa anatazama macho ya watu na kuta nyeupe, akirudi anataka rangi, na hilo simlaumu, hata mimi napenda rangi, jiko la shule lilikuwa jeusi kwa masizi mpaka kwenye dari na nilikuwa nafunga kitambaa chekundu kichwani ili nipate kitu cha kutazama kwenye beseni la maji. Kwa hiyo msinipake ubaya kwamba nachukia maua. Pale sebuleni kuna majani ya madoa ya waridi, kuna majani yenye mishipa myekundu yanayojikunja jioni kama yanasali, kuna moja refu lenye majani mapana ya kijani yaliyomwagikiwa rangi ya maziwa, hilo ndilo fahari yake, analifuta vumbi kwa kitambaa cha kufutia miwani, na mimi mama mkwe sijawahi kufutwa vumbi.

Meneja akaanza kutafuna. Paka anatafuna majani, ndivyo alivyo, kwetu alikuwa anatafuna nyasi za uani. Akatafuna akatapika juu ya shuka ya mkamwana, shuka ya kuwekea wageni. Jioni hiyo kukawa na kikao mezani.

"Mama, paka wako anakula maua yangu."

"Sema maua yako yanamla paka wangu. Ametapika yeye, maua hayakutapika."

"Basi mama, mmoja hapa itabidi aondoke. Mlinzi wa duka letu anataka paka, ghala lina panya."

"Mmoja nani? Taja jina, usiogope."

Mwanangu akatazama dari kama aliyesikia lifti imekwama huko juu. Mimi nikamwambia, "Baba, shuka huko uliko useme neno." Akasema, "Tuwe na subira." Subira! Mwanamume mwenye bisibisi saba mkanda mzima, neno lake ni subira.

Basi mimi nikaamua kwa akili yangu. Nikasema, haya maua hayawezi kuwa mabaya yote, kama vile gunia la maharage haliwezi kuoza lote, lazima yapimwe, lililo baya litoke, lililo jema libaki, na Meneja abaki. Walipokwenda kazini nikasukutua kinywa, nikavuta kiti, nikaanza. Namega kipande kidogo, natafuna, nakaa, nasikiliza, natema. Lile la madoa ya waridi halikuwa na neno, linafanana na mchicha uliosahaulika. Lile linalosali halikuwa na neno. Kuna mshubiri, ule mchungu, lakini mchungu ni dawa kila mtu anajua, nikaupitisha. Kuna ua jipya alilolileta wiki hiyo, jeupe, mdomo kama tarumbeta, lina unga wa njano unaoshika kwenye nguo, nikatafuna kipande cha jani lake, likawa tamu tamu kidogo, nikalipitisha tena kwa sifa, nikalihamishia chumbani kwangu dirishani, juu ya mto wa Meneja, apate kitu kizuri cha kutafuna. Mkamwana alipoliona pale jioni ya baadaye alitabasamu, ndiyo siku pekee, mimi sikumuuliza anachekea nini.

Mwisho nikafika kwa fahari yake, lile la rangi ya maziwa. Mshauri, usiguse jani lile. Sikumaliza kutafuna. Kilichonipata ni kama nimelamba pasi ya moto kisha nikala nyuki. Ulimi ukavimba ukajaa kinywani kama andazi, mate yanatiririka, sauti haitoki, naita hakuna kinachoitika, mimi ambaye nilikuwa nikisema jikoni nasikika mpaka uwanja wa mpira! Bahati mkamwana alikuwa amesahau funguo za duka akarudi. Alinitazama, akatazama lile jani lililomegwa, akapiga simu kwa mumewe, akalifunga jani lile kwenye karatasi akalitia mkobani, akanishika kiunoni tukaanza kushuka ngazi.

Sasa hapa ndipo jambo lilipoharibika na mimi sikuliharibu. Ghorofa ya kwanza tukakutana na fundi cherehani, yule mama wa mlango wa bluu, ana futi ya kupimia shingoni na mdomo usiopimika. "Mama! Umekula nini? Nani amekufanya hivi?" Mimi siwezi kusema, nikanyoosha kidole juu, kule kwenye maua ya sebuleni, karibu na kibaraza chetu. Mkamwana wangu kumbe alikuwa amerudi hatua mbili kuokota kiatu changu kilichonichomoka, amesimama juu yangu, palepale kidole kinapoelekea. Fundi cherehani akamtazama, akanitazama, akasema, "Aaa. Nimeelewa."

Hospitali mwanangu akatukuta, daktari akatazama jani, akanitazama mimi, akauliza, "Bibi, umri wote huu bado unatia vitu kinywani?" Nilimjibu kwa macho. Akanipa dawa, uvimbe ukashuka, nikarudi nyumbani, kimya kwanza kwa sababu ya maumivu.

Niliporudi, mlango haukufungwa. Wanawake wa jengo zima walikuja. Mmoja kaleta uji mwepesi kwenye chupa ya chai, mwingine matunda yaliyopondwa, mwingine kanisuka, fundi cherehani kanishonea gauni la nyumbani jepesi lenye mifuko. Wanakaa kitandani kwangu wananishika mkono wanasema "pole mama, tunajua, usiseme kitu." Mshauri, mimi nimepikia watu tangu matiti hayajaota, na sikumbuki siku mtu alipowahi kuniletea mimi bakuli. Ulimi ulipopona, hawakuniuliza nilikula nini. Na mtu asiyeulizwa hajasema uongo. Hilo naliandika na nalitia sahihi.

Maneno yakashuka ngazi yakatoka nje ya geti. Kwamba mkamwana wangu ameniwekea kitu. Yeye anawaambia, "Mama alitafuna jani, ulizeni daktari," wanamjibu, "Ndiyo, ndiyo, jani." Jirani wa mkabala aliyekuwa akimwachia mtoto wake mchanga Jumamosi amekata mguu. Kwenye kamba za kufulia akifika yeye, wenzake wanakumbuka kitu jikoni. Hata mamake mzazi amempigia simu akamuuliza kulikoni. Na yeye amenianzishia madaha mapya, akipakua chakula anachota kwenye sahani yangu kijiko kimoja, anakula mbele ya macho yangu, anameza, ndipo ananisogezea. Kila mlo. Mimi nakula. Unafikiri nitakufa njaa kwa ajili ya maigizo? Na nasikia kwa mwanangu kwamba ameomba ahamishiwe tawi lao la mbali, huko ambako mume atamwona mwezi mara moja. Aende. Nani amemshika?

Haya, msaada ninaotaka ni huu na usizunguke. Nataka uniandikie hapa gazetini maua ya rangi yasiyodhuru paka, kwa majina au kwa sura, ili mkamwana wangu ayasome kwa macho yake yaliyopita shule na aache kusema kwamba ni maua au Meneja. Vyote vinakaa. Mimi nakaa, paka anakaa, rangi inakaa. Sitoki, sihami, siombi radhi. Namba ya simu ya mezani nimeiweka chini kwa sababu katibu wenu anasema ni sharti.

Na ukithubutu kuniambia ninywe chai, nitapanda basi nije hapo ofisini kwenu.

Mimi,
Mpishi Mstaafu Asiyetikisika

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo bibi. Ya chai siyafuti. Yule mama nilimwambia akae kwa sababu alikuwa anapigania mapazia. Wewe unapigania kingine, na kwako ningekuwa mjinga kukwambia ukae.

Lakini kabla ya maua, acha nikwambie kitu ambacho hukijui kuhusu nyumba unayolala. Barua yako nilipofika pale kwenye ua jeupe la tarumbeta, niliacha kusoma. Nina rafiki ambaye ni daktari wa mifugo. Nikampigia, nikamsomea sura yake jinsi ulivyoieleza. Alisema ni jamii ya yungiyungi la chungu, na kwa paka hakuna ua baya kulishinda hilo. Jani lake, ule unga wake wa njano ukidondoka kwenye manyoya paka akajilamba, hata maji yaliyobaki kwenye kisahani chake: figo zinakufa, na paka anakufa nazo. Kwa ulimi wa mtu ni tamu tamu kidogo. Ulimi wako, bibi, ulipika vizuri miaka yote ile kwa sababu ulikuwa unawapikia watu. Paka si mtoto wa bweni. Linalokuacha wewe mzima linaweza kumzika yeye, na uliliweka dirishani juu ya mto wake kwa mkono wako.

Nikapiga ile namba. Wewe ulikuwa unaoga. Akapokea mwanamke.

"Kuna ua jeupe chumbani kwa mama, dirishani?" nikamuuliza. Sikusema mimi ni nani, nilisema ni mtu anayejua mambo ya paka.

"Lipo. Nililileta mimi."

"Litoe nje ya nyumba sasa hivi. Linaua paka."

Hakuniuliza swali la pili. Nikasikia miguu ikikimbia, mlango, kitu kikigonga ukuta. Akarudi anahema. "Nimelitoa. Nimefuta dirisha. Na yeye nimempangusa manyoya kwa kitambaa chenye maji, amenikwaruza, hajambo, ananitazama kama nimechelewa kazini."

"Hata kama hajambo, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Usingoje aumwe."

"Nampeleka. Nitaomba ruhusa dukani." Kisha akashusha sauti. "Dada, tafadhali. Mama asijue kwamba ua hilo lilikuwa zawadi yake. Nilimletea yeye, nikaogopa kumkabidhi mkononi, nikaliacha sebuleni. Alipolichukua mwenyewe nikafurahi. Sasa atasema nilikusudia."

Sikumwahidi kukaa kimya, na ndiyo maana naandika. Nilimwelekeza kwa rafiki yangu yule daktari, naye alimtazama Meneja, akamtundikia dripu, akamrudisha mzima. Ulipotoka kuoga ukakuta paka hayupo na ua halipo. Sijui ulimwambia nini mkamwana wako aliporudi na kapu lake jioni. Naogopa kukisia.

Sasa maua yako, kwa kuwa uliuliza na una haki ya kujibiwa. Yale ya madoa ya waridi, kana kwamba mchoraji kayakung'utia brashi, yabaki. Yale yanayojikunja jioni yabaki, na hayo yana ndugu wengi, wenye mistari, wenye tumbo la zambarau chini ya jani, wote si wabaya kwa paka, anunue atakavyo. Akitaka maua hasa, achukue vayoleti ndogo za chungu, zile zenye majani ya manyoya kama sikio la sungura. Zinachanua zambarau, waridi na nyeupe hata kwenye dirisha dogo. Okidi zile zinazokaa kwenye kijiti kama vipepeo wamepanga foleni nazo ni salama, ila asinunue zile za bluu kali zilizonyweshwa rangi, hatujui zimenyweshwa nini. Kuna ua la nyumbani jamaa ya nanasi, linatoa shada jekundu katikati kama taa, hilo paka akilitafuna ataumia meno tu. Waridi la chungu pia ni sawa, ila miiba yake haimwogopi meneja yeyote.

Yanayotoka: lile la rangi ya maziwa lililokufunga mdomo, hata kama ni fahari ya mtu. Ampe mwenzake asiye na paka wala mtoto anayetambaa. Yale ya umbo la moyo yenye rangi ya waridi katikati, msiyalete, ni ukoo huohuo. Mshubiri utoke au ukae mahali ambapo paka hafiki kabisa. Uchungu wake kwako ni dawa, kwake ni kuhara na kutapika. Na chochote chenye utomvu mweupe kama maziwa, kiacheni dukani. Muuzaji asipojua jina la mmea, msinunue. Mmea usio na jina hauwezi kuulizwa kwa daktari. Usiniambie mtaweka juu ya kabati, paka wenu jina lake limetokana na kupanda juu. Mpandieni ngano kwenye kopo karibu na mlango wa kibaraza, ziote nyasi zake, atafune hizo aache za watu. Na akitafuna kitu msichokijua, msimpe maziwa wala mafuta. Kateni kipande cha mmea ule, mkifunge kwenye karatasi, mbebeni paka, mkimbie naye kwa daktari.

Unamjua mtu aliyefanya hivyo kabla ya kufundishwa na mtu yeyote. Jani ulilomega wewe, nani alilitia mkobani? Wewe umeandika mwenyewe, kwa mkono wako unaojivunia, kisha ukapita kama hukuandika. Aliyekuwekea sumu habebi sumu ile kuipeleka kwa daktari. Na aliyerudi hatua mbili kuokota kiatu chako hakustahili kidole.

Hicho kijiko anachokula kwenye sahani yako umekiita madaha. Soma tena, bibi. Huyo ni mwanamke anayekula chakula alichopika mwenyewe, kila mlo, ili kukuonyesha kwamba hataki kukuua, katika nyumba yake, mbele ya mumewe anayetazama dari. Wewe uliyeonja masufuria ya shule ili watoto wasidhurike, umewezaje kumtazama akimeza na usijue anafanya nini?

Pole kwa kupika maisha yote bila kuletewa bakuli. Hilo liliniumiza, silifanyii mzaha. Ulikuwa na haki ya ule uji, na ya kushikwa mkono, na ya gauni lenye mifuko. Ungeweza kuvipata kwa kusema ukweli pia: "Nimejiunguza ulimi kwa ubishi wangu, njooni mnicheke." Wangekuja. Wangecheka, na uji wangeleta. Lakini sasa kila bakuli lililopita mlangoni mwako limelipiwa na mtu mwingine, na bili bado inakuja. Amenyimwa mtoto wa kubeba Jumamosi. Amenyimwa salamu kwenye kamba. Na akihamia huko mbali, hatahama kwa sababu ya paka. Atahama akiwa na jina la mtu anayewawekea watu sumu, na jina hilo atalikuta kituoni linamsubiri. Unasema hukuulizwa. Haya, mimi nakuuliza, mbele ya wasomaji wote: ulikula nini, na nani alikupa?

Mwanao nitamwambia maneno machache akipata gazeti hili. Baba, bisibisi weka chini. Mkeo alipokuwa anasema "ulizeni daktari," wewe uliyekuwa hospitalini ulikuwa wapi? Kila alipokaa kimya mama yako, kimya chako kilikuwa cha pili.

Ushupavu wako, bibi, sitaki uupunguze hata kidogo. Sikuambii utikisike. Nakuambia uugeuze upande, maana mpaka sasa umekuwa jasiri mbele ya mtu mmoja tu, na huyo hajawahi kukujibu vibaya zaidi ya kukunja gazeti.

Kwa hiyo fanya hivi, na usikae kulifikiria. Kesho asubuhi, wanawake wakiwa wanaanika, vaa viatu, mwite mkamwana wako, mshike mkono, shukeni. Ukifika kwenye mlango wa bluu mgongee fundi cherehani atoke na futi yake. Simama katikati ya kamba, useme kwa sauti ile iliyokuwa ikifika uwanja wa mpira: "Jani nililitafuna mwenyewe, nyumba ikiwa tupu, hakuna aliyenipa. Huyu ndiye aliyenipeleka hospitali, na huyu ndiye aliyemponya paka wangu. Mwenye neno lingine aniletee mimi." Usiweke "lakini" popote. Usiondoke mpaka yule jirani wa mkabala amemkabidhi mtoto wake mikononi, hapo hapo, watu wakiona. Hata likikuchukua asubuhi nzima, hata wakicheka. Shuka.